SOMO LA MANENO: "Pekoe", au Malaika Meupe ya Chai

Mwalimu mmoja wa Sigowet, katika Kaunti ya Kericho, ametuandikia barua ambayo tumeona inafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Sigowet, kwa wasioijua, ni nchi ya mpakani: upande wa juu kuna ubaridi, mvua na mashamba ya chai, na ukishuka kuelekea Soin unaingia katika nchi ya joto yenye miwa na mahindi. Watoto wengi wa upande wa juu huamkia shambani kuwasaidia wazazi kabla ya kwenda shuleni, na vidole vyao vyajua chai kuliko vitabu vinavyoijua.

Mwalimu huyo asema kuwa siku moja mwanafunzi wake alileta darasani kipande cha mfuko wa karatasi nzito, wa namna ile ambayo viwanda hutilia chai inayopelekwa Mombasa. Juu yake palikuwa na chapa kubwa: PF1. Mwanafunzi akataka kujua maana ya P. Mwalimu akajibu kuwa ni "Pekoe". Wakafungua kamusi ya Kiingereza, wakakuta imeandikwa kwa ufupi kuwa pekoe ni chai nyeusi iliyo bora. Ndipo mtoto akauliza, "Mwalimu, ikiwa kitabu chasema ni bora, na mfuko nao wasema ni bora, mbona mama husema kila mwaka kuwa majani yetu hayana bei?"

Mwalimu akanyamaza. Kisha akatuandikia. Nasi twasema kuwa mtoto huyo ameuliza maswali mawili katika swali moja: la kwanza ni la lugha, na la pili ni la mkate wa nyumbani. Tutayajibu yote mawili kwa zamu, kwa maana la pili halieleweki bila la kwanza.

MATAMSHI NA ASILI

Neno hili huandikwa "pekoe", lakini hutamkwa "piko", na nguvu ya sauti huwekwa mwanzoni. Ile herufi e ya mwisho haitamkwi hata kidogo. Kwa maandishi yake tu mtu aweza kuhisi kuwa si neno la Kiingereza cha asili. Ni mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji.

Asili yake ni Uchina. Katika lugha ya watu wa Amoy, mji wa bandari ulio katika jimbo la Fujian, ambao leo huitwa zaidi Xiamen, kulikuwa na maneno mawili yaliyotamkwa karibu na "pek-ho". Katika Kichina cha serikali maneno hayo hayo hutamkwa "bai hao". La kwanza maana yake ni "nyeupe". La pili maana yake ni unywele mwembamba, kama ule wa manyoya laini.

Hapa Kiswahili chetu kina bahati kuliko Kiingereza. Mwingereza akitaka kuieleza maana hiyo hana budi kutumia maneno mengi, lakini sisi tuna neno moja lililokaa tayari: laika, na kwa wingi malaika. Hatusemi malaika wa mbinguni, bali malaika ya mwilini, yale manywele mafupi na laini yaotayo juu ya mkono wa mtu na yasimamayo apatwapo na baridi au hofu. Basi, pekoe kwa Kiswahili safi ni "malaika meupe".

Sasa, msomaji uliye Sigowet au Litein au Bomet, weka gazeti chini uende shambani. Tafuta chipukizi changa, ile ncha ambayo haijafunguka, iliyojikunja kama mkuki mdogo. Igeuze juani asubuhi. Utaona imefunikwa na malaika membamba yenye rangi ya fedha. Geuza na jani la kwanza lililo chini yake, utayaona malaika hayo upande wa chini wa jani, ila si mengi kama ya ncha. Jani linavyozidi kukomaa ndivyo yanavyopungua. Hiyo ndiyo pekoe yenyewe. Wachina waliitaja kabla Mwingereza hajajua kuwa kuna kitu kinachoitwa chai, nawe umekuwa ukiishika kila siku bila kujua jina lake.

SAFARI YA NENO

Neno halisafiri peke yake. Husafiri katika mizigo ya wafanya biashara, nalo hubadilika kwa njia lililopitia. Mfano mzuri ni jina la chai yenyewe. Uchina kuna matamshi mawili makubwa ya jina hilo. Watu wa Amoy husema "te", na wa sehemu nyingine nyingi husema "cha". Waholanzi, waliokuwa wakubwa wa biashara ya chai katika karne ya 17, walilichukua neno la watu wa Amoy kwa njia ya bahari. Kutoka kwao likaenea katika sehemu kubwa ya Ulaya ya magharibi, na Waingereza wakapata "tea". Mwandishi wa Kiingereza Samuel Pepys aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku, tarehe 25 Septemba 1660, kuwa amekunywa kikombe cha kinywaji hicho. Kwa wakati ule kilikuwa kitu kigeni hata kikastahili kuandikwa.

Lakini neno "cha" lilishika njia nyingine, njia ya nchi kavu, likafika kwa Waajemi wakalitamka "chai", likaenda India, Urusi na Uturuki. Sisi wa Afrika Mashariki tulilipokea kutoka upande huo, kwa njia ya Waajemi na Wahindi. Ndiyo sababu twasema "chai" wala hatusemi "ti". Wakipsigis nao wakalipokea, wakaliongezea mkia wa lugha yao, wakasema "chaiik". Basi katika nyumba moja ya Sigowet mtoto husoma "tea" shuleni na kunywa "chaiik" nyumbani, naye hajui kuwa maneno hayo mawili ni ndugu waliopotezana kwa karne nyingi, mmoja akaja kwa jahazi na mwingine kwa ngamia.

"Pekoe" lilikuja kwa njia ile ile ya "tea", yaani njia ya bahari kutoka Amoy. Lilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 18, nalo liliandikwa kwa namna nyingi, kwa kuwa kila karani aliliandika kama sikio lake lilivyosikia.

NDUGU ZAKE

Halikuja peke yake. Katika masanduku yale yale ya chai yalikuja maneno mengine, na mwanafunzi apendaye lugha atafurahi kuyajua.

"Souchong" ni jina la chai ya majani makubwa zaidi. Kwa Kichina maana yake ni "aina ndogo", kwa hiyo hapa tena jina na kitu haviendi pamoja.

"Oolong" ni chai iliyo kati ya nyeusi na ya kijani, na maana ya jina ni "joka jeusi".

"Congou" ni chai nyeusi ya Uchina. Latokana na neno "gongfu", maana yake kazi iliyofanywa kwa ustadi na bidii. Vijana wetu wanalijua neno hilo bila kujua kuwa wanalijua, maana ni lile lile la mchezo wa mapigano wanaoutazama katika sinema, kung fu. Aviringishaye jani la chai kwa ustadi na apiganaye kwa ustadi, wote wawili Wachina waliwasifu kwa neno moja.

"Caddy" ni kile kikebe au kisanduku ambacho Waingereza huwekea chai mezani. Hili halitoki Uchina, bali latoka katika lugha ya Kimalei, na asili yake ni "kati", jina la kipimo cha uzani cha ratili moja na theluthi, yaani karibu gramu 600. Kipimo kiligeuka kuwa chombo, kama sisi tulivyosema "debe" tukiwa na maana ya mkebe, kisha tukasema "debe" tukiwa na maana ya kipimo cha mahindi. Njia ni ile ile, ila wao walikwenda nasi tulirudi.

Na liko neno moja ambalo wakulima wa Kericho hulisikia mara kwa mara kutoka kwa wakaguzi wa majani: "banji". Hili ni la India. Huitwa hivyo chipukizi iliyolala, ambayo ncha yake imesimama bila kukua. Maana ya asili ni "tasa". Chipukizi tasa haina ule mkuki mrefu wenye malaika. Mtu akikuambia kuwa kikapu chako kina banji nyingi, anakuambia kuwa malaika meupe ni machache.

MAANA YA PILI, NA FUMBO LA CHUNGWA

Hapo mwanzo, basi, pekoe lilikuwa jina la malaika yaliyo juu ya ncha. Kisha likawa jina la chai iliyotengenezwa kwa ncha na majani machanga yenye malaika hayo. Badiliko hili si la ajabu. Sisi pia husema "ametia pilipili" tukiwa na maana ya ukali wa chakula chote. Sehemu hulipa jina zima lake.

Maana hiyo ya zamani haijafa. Uchina hata leo huuzwa chai nyeupe iitwayo kwa jina lenye maneno hayo hayo, "bai hao", nayo hutengenezwa kwa ncha tupu. Katika Kenya pia wako watengenezaji wa chai nyeupe ya ncha, nayo huuzwa kwa bei kubwa kwa sababu mtu huchuma kutwa nzima na kupata kidogo. Katika chai hiyo malaika huonekana kwa macho. Na katika chai nyeusi ya majani mazima, iliyoviringishwa pole pole, malaika hunywa maji ya jani yanapotoka, yakakauka yakawa na rangi ya dhahabu. Hivyo waonjaji hupenda kuona ncha za dhahabu katika chai ya namna hiyo.

Baadaye Waingereza walipoanza kulima chai India na Ceylon, walitumia neno hili kuhesabu majani juu ya chipukizi. Katika michoro ya vitabu vyao, ncha iliitwa "Flowery Orange Pekoe", jani la kwanza "Orange Pekoe", jani la pili "Pekoe", na lile lililo chini zaidi "Souchong". Majina hayo yaliwapoteza wengi, wakadhani kuwa wachumaji huchuma kila jani kwa kikapu chake. Sivyo. Majani huchumwa pamoja, yakatengenezwa pamoja, na kutengwa baadaye kwa chekecheke.

Nalo neno "Orange" limewadanganya watu wengi zaidi, kwa sababu ni jina la chungwa. Katika chai hiyo hamna chungwa, wala maji yake, wala ganda lake. Wako wasemao kuwa ni heshima kwa ukoo wa kifalme wa Uholanzi, ukoo wa Orange, kwa kuwa Waholanzi ndio waliokuwa wafanya biashara wakubwa wa chai. Wako wasemao kuwa ni rangi ya ncha iliyokauka. Wataalamu wa maneno hawajaafikiana. Lililo hakika ni kwamba si tunda.

MAANA YA TATU: CHEKECHEKE

Sasa tumefika Kericho. Chai ilipandwa katika Kenya mara ya kwanza mwaka wa 1903 huko Limuru. Kampuni kubwa zilianza mashamba ya Kericho katika miaka ya 1920, na si haki kulitaja jambo hilo bila kusema kuwa Wakipsigis wengi waliondolewa katika ardhi yao, na malalamiko juu yake yanaendelea hata leo. Kwa miaka mingi chai ilikuwa mali ya wageni, na Mwafrika alikuwa mchumaji tu. Wakulima wadogo walianza kuruhusiwa kulima katika miaka ya 1950, na mwaka wa 1964 ikaundwa KTDA ili kuwasimamia.

Majina ya daraja za chai hayakuundwa upya. Yalichukuliwa yale yale ya India na Uchina, yakabandikwa juu ya chai ya namna nyingine. Maana karibu chai yote ya viwanda vyetu hutengenezwa kwa mashine ziitwazo CTC, herufi tatu zenye maana ya kuponda, kurarua na kukunja. Mashine hizi zilibuniwa Assam katika India, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Majani yakisha kunyauka hupitishwa kati ya magurudumu ya chuma yenye meno, yakakatwakatwa yakawa punje ndogo. Punje huachwa zipate hewa mpaka zigeuke rangi, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto. Mwishowe humwagwa juu ya chekecheke zenye matundu ya ukubwa mbalimbali.

Chekecheke hazijui ncha wala jani. Hazioni malaika. Zinajua jambo moja tu: ukubwa wa punje. Punje iliyo kubwa hubaki juu, na iliyo ndogo hupita chini. Daraja za kwanza za viwanda vya Kenya ni nne, nazo ni hizi, kuanzia punje kubwa hata ndogo:

BP1, yaani "Broken Pekoe" namba moja. Ni punje kubwa kuliko zote, na maji yake ni mepesi kidogo.

PF1, yaani "Pekoe Fannings" namba moja. Ni punje zilizo ndogo kidogo kuliko za kwanza. Kwa kawaida hizi ndizo nyingi zaidi ya nyingine zote katika kiwanda.

PD, yaani "Pekoe Dust". Ni ndogo zaidi, na chai yake ni nzito.

D1, yaani "Dust" namba moja. Ni ndogo kabisa, na chai yake hukolea upesi kuliko zote.

Neno "Dust" maana yake ni vumbi, lakini wala msidhani kuwa ni takataka zilizofagiwa sakafuni. Ni chai safi yenye punje ndogo, na wako wanunuzi wanaoitafuta. Ile namba moja huonyesha kuwa chai hiyo ni ya fungu la kwanza, iliyosafishwa nyuzi za vikonyo. Zenye nyuzi nyingi huwekwa katika fungu la pili.

Na "Fannings" je? Hapa pana furaha nyingine. Neno hili latokana na "fan", ambalo vijana hulijua kama mashine ya kuleta upepo. Lakini asili yake ni neno la Kilatini, "vannus", na vannus ilikuwa ungo wa kupepetea nafaka. Maana yake "fannings" ni mapepeto, vitu vilivyotengwa kwa kupepetwa. Mama wa Kipsigis apepetapo wimbi katika ungo mlangoni pake, anafanya kazi ile ile iliyozaa neno lililopigwa chapa juu ya mfuko wa kiwanda. (Lakini tahadhari: yule "fan" ambaye ni mpenzi wa timu ya mpira ametoka katika neno jingine la Kilatini, lenye maana ya hekalu. Maneno yafananayo si lazima yawe ndugu.)

Basi tuisome chapa ya mtoto wa Sigowet kwa Kiswahili. PF1: "malaika meupe, mapepeto, fungu la kwanza". Neno moja la Kichina, moja la Kilatini, na tarakimu moja. Lakini maana yake ya sasa katika kiwanda ni fupi mno: punje za ukubwa fulani, zilizosafishwa.

JIBU LA MTOTO

Sasa twaweza kumjibu mtoto. Kamusi haikusema uongo. Ilieleza chumba kimoja cha nyumba yenye vyumba vitatu. Pekoe liliwahi kuwa malaika ya ncha, likawa chai bora ya majani machanga, na sasa katika CTC limekuwa jina la ukubwa. Mtoto alisoma maana ya chumba cha pili, akaitia katika chapa iliyotoka chumba cha tatu. Hapo ndipo ubora ulipoonekana kuwa umeandikwa, na kumbe haukuandikwa.

Ushahidi upo Mombasa. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka wa 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka wa 1969, nao hukusanya chai ya Kenya na ya nchi jirani nyingi. Katika mnada huo utaona mifuko ya viwanda viwili, yote imepigwa chapa PF1, na ukubwa wa punje ni mmoja, lakini mmoja ukauzwa ghali na mwingine rahisi. Kama herufi zingekuwa ubora, bei zingelingana. Hazilingani kwa sababu mnunuzi hanunui herufi. Kabla ya mnada, chai hutiwa maji ya moto katika vikombe, na waonjaji huitazama punje kavu, huyatazama majani yaliyolowa, na kuonja maji yake: je, yana mwanga, yana nguvu, yana ukali mzuri ulimini? Bei hutoka hapo.

Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelalamika kwa miaka mingi kuwa bonasi yao ni ndogo kuliko ile ya wenzao wa mashariki, na jambo hili si dogo kwa mzazi mwenye karo ya kulipa. Sababu zinazotajwa ni nyingi: mwinuko wa nchi na udongo, aina ya miche, uchumaji, gharama za kiwanda, madeni, na namna chai inavyouzwa. Baadhi yake zimo mikononi mwa mkulima, na nyingine hazimo. Si haki kumtwika mama mwenye kikapu lawama za yale yafanywayo ofisini, wala si busara kwake kudhani kuwa kikapu hakina neno lolote la kusema.

Lakini mtu hawezi kuuliza swali zuri asipojua maana ya maneno. Mkulima adhaniye kuwa PF1 ni cheti cha ubora, atakwenda mkutanoni kuuliza, "Mbona chai yetu ni ya namba moja na bei ni ya chini?" Naye atajibiwa kwa dakika moja, ataketi. Lakini ajuaye kuwa PF1 ni ukubwa wa punje, atauliza hivi: "Waonjaji walisema nini juu ya chai yetu? Kilo moja ya PF1 yetu iliuzwa kwa bei gani, na ya kiwanda jirani kwa bei gani? Gharama ya kutengeneza kilo ilikuwa ngapi?" Maswali hayo hayajibiwi kwa dakika moja. Viwanda vya KTDA ni vya kampuni ambazo wakulima wenyewe wana hisa, na mwenye hisa ana haki ya kuuliza.

YATUPASAYO

Hata mashine zikiwa zimeyasahau malaika meupe, mti wa chai haukuyasahau. Ncha na majani mawili machanga ndiyo yenye utajiri wa vile vitu viipavyo chai nguvu na mwanga, na malaika ni alama ya uchanga huo. Kwa hiyo ile kanuni ya zamani, ya majani mawili na chipukizi, ndiyo pekoe ya kweli iliyobaki mkononi mwa mkulima. Yahitajiwa kilo nne hata tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Majani yaliyokomaa huongeza uzito katika mizani ya kituo, lakini hayaongezi kitu katika kikombe cha mwonjaji. Na majani mazuri yaliyoshindiliwa ndani ya gunia, yakapata joto na kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani, ni sawa na neno zuri lililotamkwa vibaya.

Kwa wanafunzi tungependa kusema jambo moja zaidi. Ukutanapo na neno geni usitosheke na mstari mmoja wa kamusi. Uliza mambo matatu: Neno hili lilitoka wapi, na lilikuja na nani? Lilikuwa na maana gani zamani? Na wale walitumiao katika kazi yao leo, wanalitumia kwa maana gani? Sisi wenyewe tumeligeuza neno letu "chai". Lilikuwa kinywaji cha kumkaribishia mgeni, na leo katika ofisi nyingine mtu akiombwa "chai" hajui kama ataombwa maji ya moto au rushwa. Maneno hugeuzwa na watu, na asiyejua yalivyogeuzwa ndiye alipaye.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini Waingereza husema "tea" nasi twasema "chai", na yote mawili ni ya Uchina?
2. Eleza maana tatu za neno "pekoe" kwa utaratibu wa wakati.
3. Panga daraja hizi kuanzia punje ndogo hata kubwa: PF1, D1, BP1, PD.
4. Ungo una uhusiano gani na herufi F iliyo juu ya mfuko wa chai?
5. Mifuko miwili imepigwa chapa PF1, lakini bei zake si moja. Mweleze mzazi wako sababu yake kwa lugha ya nyumbani, bila kutumia neno hata moja la Kiingereza.

Swali la tano ndilo gumu, nalo ndilo lenye faida. Tungefurahi kama yule mwanafunzi wa Sigowet angelijibu kwanza, jioni, mama yake akiwa amekwisha tua kikapu na maji ya chai yako jikoni.